Tamasha Kwenye Ngazi Yangu

Kwa yule ambaye gazeti lake la Jumamosi iliyopita lilifungiwa misumari dukani kabla hajalisoma, nimweleze kwa ufupi tulipofika.

Marehemu baba yetu alikuwa na nyumba moja kuukuu ya ghorofa, na watoto watatu. Hakuwa mtu wa kuandika. Alituita mezani akatugawia nyumba kwa mdomo, chumba kwa chumba, kama mtu anayekata keki. Dada Mkubwa akapata sebule na vyumba vya juu. Kaka akapata chumba cha kulia, jikoni, na ule ukumbi mdogo wa mlangoni. Mimi kitinda mimba nikapata ngazi.

Ndiyo, ngazi. Kuanzia kidato cha kwanza mpaka pale juu inapoishia, ambapo pana nafasi ya kitanda kimoja, nami kitanda hicho nimekitia.

Nilipomuuliza baba kulikoni, akasema, wewe mwanangu hujawahi kutulia chini wala juu, basi kaa katikati. Na mimi kazi yangu ya maisha ilikuwa kuendesha lifti katika jengo la bima. Mtu wa lifti kurithi ngazi ni kama muuza barafu kurithi jiko la mkaa.

Sasa Kaka, ambaye ni dalali, ametafuta mnunuzi. Mnunuzi hataki nyumba, anataka kiwanja: atabomoa apange magari. Dada amekwisha kutikisa kichwa kukubali. Wawili kwa mmoja, na huyo mmoja ana ngazi tu. Ukibomoa nyumba, ngazi itaegemea nini? Na mimi nitalala wapi?

Ndipo nikakimbilia Kamati ya Majengo ya Kale. Nikamwambia Mwenyekiti wao kwamba zamani, katika sebule yetu, mpiga tarumbeta mmoja alipuliza sauti ya juu mpaka dari likapata ufa, na kuku wa mtaa mzima wakataga kabla ya siku zao. Mwenyekiti akarekebisha miwani. Akasema nyumba ya namna hiyo lazima aisikie kwa masikio yake. Tufanye tamasha la muziki sikukuu hii. Akiridhika, nyumba itawekwa chini ya ulinzi na hakuna atakayegusa tofali.

Hapo ndipo nilipowaacha: nimeahidi tamasha, na sina hata filimbi.

Muziki niliupata. Mtaani kwetu yupo mwalimu wa kwaya, mfupi, mwenye penseli sikioni, tunamwita Nota. Ana waimbaji, ana wapiga tarumbeta, ana wapiga ngoma, na hana mahali pa kupigia. Nilipomwambia nyumba ya kihistoria, macho yalimtoka.

Kilichobaki ni ruhusa. Kwetu huwezi kupitisha hata kiti kutoka chumba kimoja kwenda kingine bila kubisha hodi kwa mwenyewe.

Dada Mkubwa hakunikatalia. Alifanya baya zaidi, alinipa masharti. Alikuwa mwalimu mkuu mpaka alipostaafu, na mpaka leo akikohoa watu wanasimama. Alisema waimbaji wataingia sebuleni kwake kwa sababu waimbaji ni watu wa heshima. Watavua viatu na kusimama juu ya magazeti. Ngoma hapana, zinatikisa vikombe kabatini.

Nikauliza kuhusu tarumbeta.

"Zinatema mate," akasema Dada. "Nimeziona shuleni. Mpiga tarumbeta akimaliza anakung'uta lile bomba sakafuni kama anamkojolesha mtoto. Si kwenye zulia langu."

Kaka yeye alikubali haraka mno, na Kaka akikubali haraka ujue kuna jambo. Ngoma zikae jikoni, akasema, sawa kabisa. Ila chumba cha kulia kitakuwa na mgeni wake binafsi, rafiki yake tu, mtu mmoja mwenye staha, na mlango uwe nusu umefungwa kwa sababu rafiki hapendi upepo.

Huyo rafiki alikuwa mnunuzi. Kaka alikuwa anamleta kupima kuta huku sisi tukiimba.

Kwa hiyo tarumbeta zikabaki bila kwao, nami nikazikaribisha ngazini. Nota alipokuja kukagua, alipanda kidato cha tatu, akageuka, akatazama huku, akatazama kule.

"Mzee wangu, waimbaji sebuleni, ngoma jikoni, tarumbeta ngazini. Mimi nisimame wapi?"

"Popote utakapo, mradi pawe pangu."

"Nikisimama hapa, waimbaji nawaona nusu. Tarumbeta nawapa mgongo. Wapiga ngoma siwaoni kabisa."

"Si watakusikia tu?"

Akanitazama kwa huruma. "Mimi sipigi kitu, mzee. Mimi napunga mkono."

Mtu mwingine angewaita ndugu zake akawaambia, jamani, tuwaweke wanamuziki wote chumba kimoja, ni alasiri moja tu. Mtu huyo hajalelewa nyumbani kwetu. Sisi tulidhani dunia nzima huimba hivyo, kila sauti chumbani kwake.

Ufumbuzi niliuleta mimi. Nitasimama ukumbini, kwenye kona, Nota akipunga mimi napunga, na wapiga ngoma watanitazama mimi kupitia mlango wa jikoni. Kaka aliniruhusu kusimama ukumbini mwake kwa sharti nisiegemee ukuta.

Nota akataka kujua kama nimewahi kuongoza muziki. Nikamwambia miaka yangu yote ya kazi niliwaongoza watu juu na chini, na sijawahi kumshusha mtu alipotaka kupanda. Akakubali. Hakuwa na mwingine.

Siku ya sikukuu ilifika na jua lake. Wageni wakaanza kuingia tangu baada ya chakula cha mchana, wamevaa nguo zile zinazotoka sandukuni mara moja kwa mwaka. Dada alisimama mlangoni mwa sebule akiwapokea na kuwatazama miguu. Harufu ya soksi ilitangulia muziki.

Mwenyekiti wa Kamati akaja peke yake, na mkoba. Nikaingiwa na wasiwasi, kwa sababu jambo la kwanza alilouliza lilikuwa ufa.

"Ufa gani?" akasema Dada.

"Ule wa tarumbeta, mama. Wa darini."

Dada akacheka kile kicheko chake cha siku ya wazazi. Akasema nyumbani kwake hakuna ufa, mheshimiwa, alikwisha kuziba dari lote kwa jipsamu, nyeupe kama maziwa, na kuta akazipiga lipu upya, na madirisha ya mbao akayatupa akatia ya alumini. Alisema kila neno kwa fahari. Mwenyekiti akagonga ukuta kwa kidole, akasikiliza, akafumba macho kama daktari aliyechelewa kuitwa.

Kaka naye, asiachwe nyuma, akamvuta kumwonyesha vigae vyake vya chumba cha kulia, vinavyong'aa mpaka unaona meno yako. Mwenyekiti alitoa sauti kwa ulimi. Kaka akadhani anasifiwa.

Watu hawa wawili walikuwa wanaibomoa nyumba mbele ya macho yangu, na hata nyundo hawajashika.

Tukaanza. Nota kidato cha tatu, penseli mkononi. Mimi konani, mbali na ukuta. Penseli ikashuka, mkono wangu ukashuka, ngoma ikasema du. Penseli ikapanda, mkono ukapanda, ngoma ikasema pa. Waimbaji wakafungua vinywa juu ya magazeti yao. Tarumbeta zikaingia kutoka juu.

Naungama kwenu, raha niliyoipata sijawahi kuipata kazini. Lifti hubeba watu, lakini haijawahi kumfanya mtu yeyote atikise bega.

Wimbo wa kwanza ukaisha salama. Wa pili ulikuwa wa taratibu, wa kubembeleza, na ulikuwa unakwenda vizuri mpaka mlango wa chumba cha kulia ulipofunguka, akatoka yule rafiki mwenye staha, tumbo mbele, utepe wa kupimia ukimchungulia mfukoni.

Akaniona. Akanyoosha mkono.

Sasa niambieni, mngefanya nini? Ni mgeni, kanizidi umri, kanyoosha mkono mbele za watu. Nikaupokea. Alikuwa mtu wa salamu ndefu, wa kuuliza habari za nyumbani na kuutikisa mkono wako kama anajaza tairi upepo. Juu, chini, juu, chini, na kila alipofurahi aliongeza kasi.

Wapiga ngoma walikuwa wanaangalia mkono wangu, kama nilivyowaagiza.

Ngoma ikatimka. Nilisikia jikoni sufuria za Kaka zikiruka kwenye misumari. Sebuleni waimbaji bado walikuwa wanabembeleza, ubeti wa pili, macho yamefumbwa. Tarumbeta wakashika njia ya katikati, hawako huku wala kule. Katika nyumba moja zikawa nyimbo tatu. Nota aligeuka kunitafuta, akaniona nimeshikana mikono na mtu kama tunamalizia biashara, na penseli yake ikavunjika.

Nikajaribu kujinasua. "Mzee, niko kazini," nikamwambia.

"Kazi haina mwisho, ndugu yangu," akasema, akautikisa tena.

Dada alikuwa ametoka mlangoni, ananionyesha ishara ya kukata shingo. Mmoja wa wapiga ngoma akadhani hiyo ndiyo ishara mpya. Akanyamaza. Mwenzake akaona nafasi, akazidisha.

Hapo Nota akafanya jambo la mtu aliyekata tamaa. Akaacha kuongoza. Akawapa mgongo waimbaji, akanipa mgongo mimi, akawageukia wapiga tarumbeta wake pale ngazini, akawaambia kwa mdomo tu: mfuateni huyo kichaa wa jikoni.

Tarumbeta zikaishika ngoma. Sauti ikashuka ngazi nzima ikaingia sebuleni, na waimbaji, walipoisikia imewafikia mgongoni, wakafungua macho, wakaacha kubembeleza, wakaanza kuimba kama watu wanaokimbizwa na mvua. Sijui elimu ya sauti mimi. Ninachojua ni kwamba aliyekaa sebuleni alisikia vurugu, aliyekaa chumba cha kulia alisikia ngoma tupu, lakini aliyekuwa ngazini alisikia wimbo.

Bibi mmoja aliyekuwa anapanda kutafuta choo alikuwa wa kwanza kugundua. Alisimama kidato cha tano, akasikiliza, akakaa. Choo akakisahau. Mwingine akamfuata. Kisha wakaja wote, na viatu vyao mikononi, wakabanana kwenye vidato vyangu, mabega yakiyumba pamoja, na ule ubao wa kushikia ukiyumba nao. Sebule ya Dada ikabaki na waimbaji peke yao. Chumba cha Kaka kikabaki na vigae.

Mwenyekiti hakupata kidato. Alipanda mpaka juu kabisa, akaketi kwenye kitanda changu, akavua miwani. Alipoanza kupiga goti kwa kiganja, nikajua nimeokoka. Nikasema moyoni, baba, uliona mbali.

Wimbo ulipokwisha watu walipiga makofi mpaka vumbi la miaka likashuka. Nami nikapanda kumsikiliza Mwenyekiti, nikiwakanyaga wageni vidole, nikiomba radhi kwa majivuno. Dada akapanda nyuma yangu. Kaka na rafiki yake wakasimama chini.

"Mzee," akaniambia Mwenyekiti, "nimezunguka majumba mengi. Sijapata alasiri kama hii."

Nikamwambia hiyo ni kidogo tu, angekuwepo mwaka ule wa kuku.

"Lakini nyumba hii siwezi kuilinda. Imekwisha. Dari si lake, kuta si zake, sakafu si yake." Akapapasa ubao wa ngazi taratibu, kama anayempapasa paka. "Kilichobaki hai ni hiki tu. Hii ngazi haijaguswa na mtu tangu ilipojengwa. Mwenyewe ni mtu wa busara sana."

Sikumwambia kwamba ni uvivu.

Akaeleza uamuzi wake, na aliueleza polepole ili wa chini nao wasikie. Kuanzia siku ile ngazi iko chini ya ulinzi wa Kamati. Zipo njia mbili. Mwenye ngazi akiitoa, mafundi watakuja waifungue ubao kwa ubao, waipeleke jumba la makumbusho, isimamishwe katikati ya ukumbi na kamba kuizunguka, mtu asiikanyage. Mwenye ngazi akikataa, basi itabaki ilipo, na kuta zinazoishikilia hazitaguswa na dalali wala mnunuzi.

"Ngazi isiyokanyagwa?" nikauliza. "Inakwenda wapi?"

"Haiendi popote, mzee. Inatazamwa." Akaongeza kwamba atakayeitoa ataandikwa jina kwenye kibao cha shaba, pale pale kwenye kidato cha kwanza.

Hilo neno shaba ndilo lililoharibu sikukuu.

Ngazi ambayo kwa miaka yote walinicheka nayo, ambayo Kaka alikuwa akiwaambia watu mdogo wangu amerithi hewa yenye mbao, ghafla ikapata wenyewe. Kaka akaanza. Akasema kwa haki, ngazi inaanzia ukumbini mwake, kidato cha kwanza kimekalia sakafu yake, na kitu hufuata mzizi. Baba alinipa mimi kwa utani tu, kila mtu anajua baba alikuwa mtani.

"Utani?" nikasema. "Nimelala juu ya utani huo mpaka mgongo umepinda."

"Ulikuwa unalala kwa hisani yangu, bwana mdogo."

Mwenyekiti akauliza kama lipo andiko. Hakuna. Wosia wa kwetu ulikaa mdomoni mwa baba, na mdomo wenyewe umefukiwa. Basi, akasema, ndugu mko watatu na wote mlikuwepo mezani. Wawili wakikubaliana ngazi ni ya nani, Kamati itaridhika na wawili.

Nikamwona Kaka anapanda. Vidato viwili viwili, kwa umri ule. Alikuwa anakwenda kwenye sikio la Dada, na mimi Kaka namjua, akifika kwenye sikio la mtu huondoka na kitu. Wakishakuwa wawili, ngazi inafunguliwa, kuta zinaangushwa, na mimi kitanda changu nakibeba kichwani.

Kulikuwa na njia moja tu ya kuwahi kuwa wawili.

Nikafikiri upesi. Dada Mkubwa hajawahi kuachia kitu. Ana chaki za shule aliyostaafu. Ana mikebe ya sabuni mitupu. Kitu kikishaingia mikononi mwa Dada, hakitoki mpaka kitoke naye.

"Ngazi ni ya Dada," nikasema.

Kaka akasimama mguu mmoja hewani.

"Baba alimpa Dada," nikaendelea, na sauti haikutetemeka, maana uongo nimeuzoea. "Mimi nilikuwa naona haya kusema."

Dada alinitazama vile alivyokuwa akimtazama mwanafunzi aliyepata jibu sahihi kwa kuchungulia. Kisha akajinyoosha, akapandisha kanga yake begani.

"Ndivyo," akasema. "Baba aliniachia mimi. Huyu nilimpa hifadhi tu, maskini."

Bila aibu. Mbele ya wageni, na bibi wa choo akiwa shahidi. Nikamsifu kimoyomoyo, damu ni moja.

Wawili. Kaka akaketi palepale alipofika, kati ya wapiga tarumbeta, akakalia bomba la mmoja wao. Rafiki yake wa staha akaurudisha utepe mfukoni. Nilikaa kwenye kidato changu, nikanyoosha miguu, nikangoja Dada akatae ili tuendelee na muziki.

"Basi, mama," akasema Mwenyekiti, "unaitoa au unaikatalia?"

Dada alikipapasa kidato cha juu kwa kidole, akatazama kama kidole kimepata vumbi.

"Hicho kibao cha shaba," akasema, "kitakuwa na ukubwa gani?"

Mwenyekiti akaonyesha kwa viganja. Kilikuwa kikubwa.

"Na cheo kinaandikwa? Mwalimu Mkuu?"

"Cheo chochote utakachotaja, mama."

"Na wanafunzi wa shule huletwa huko? Kwa mistari?"

"Kila wiki, mama. Huambiwa wasome kibao kwa sauti."

Nikamwona Dada anameza mate. Nikamwona Kaka ameinua kichwa. Chini ukumbini, mnunuzi alikuwa amekwisha kumletea Dada kiti kutoka chumba cha kulia, na alikuwa anakifuta kwa leso yake.

"Dada," nikasema. "Dada yangu."

Akageuka, akaniona nilivyojinyoosha pale, kana kwamba ananiona siku ile kwa mara ya kwanza.

"Mdogo wangu," akasema kwa upole, "shuka kwanza kwenye ngazi yangu. Wakubwa tuna mazungumzo."

Nikasimama. Nyuma yangu Mwenyekiti alikuwa amekalia kitanda changu. Mbele yangu wageni wote walikuwa wamegeuza nyuso wananingoja nishuke, na Nota ameshika nusu ya penseli. Nikatazama chini nitafute pa kuweka mguu: ukumbini ni kwa Kaka, sebuleni ni kwa Dada, jikoni ni kwa Kaka, na vidato vyenyewe, kwa kauli yangu mwenyewe, mbele ya mashahidi, si vyangu tena.